Mtoto mahututi na wazazi wake: mwongozo kamili wa kuibadilisha wodi, hatua kwa hatua

Wodi nyingi za watoto mahututi zimeshabandika tangazo mlangoni kwamba wazazi wanakaribishwa saa zote. Ukipita korido ya wodi hizohizo unamkuta mama kwenye benchi, mkoba magotini, anasubiri kuitwa. Tangazo lipo na mlango umefungwa.

Wahudumu hawakosi huruma. Shida ni kwamba huruma imeachiwa mtu mmoja mmoja: zamu ya huyu mama anampakata mwanawe, zamu ya yule anaambiwa atoke. Mwongozo huu unaitoa kazi hiyo kwenye hisani na kuiweka kwenye orodha ya kazi za kila siku, pamoja na dozi na vipimo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kiti kimoja kwa kila kitanda, chenye mgongo unaolazwa, sehemu za kuegemeza mikono na magurudumu yanayofungwa.
- Fomu nne za kupimia: FLACC (maumivu), COMFORT-B (utulivu), CAPD (kuchanganyikiwa akili) na WAT-1 (dalili za mwili kuidai dawa inayopunguzwa).
- Krimu ya ganzi na matone ya sukari ya asilimia 24.
- Kitakasa mikono mlangoni na kwenye kila kitanda.
- Pazia au skrini inayozunguka kitanda kizima.
- Saa kubwa ya ukutani, inayoonekana kutoka kitandani.
- Daftari jipya kwa kila mtoto, na karatasi moja ya "Mimi ni nani".
- Kipimasauti. Programu ya simu inatosha kulinganisha wiki na wiki, ingawa haitoi kipimo sahihi kabisa.
- Mdoli uliovalishwa mirija na plasta, wa kuwaeleza watoto wengine.
- Muuguzi mmoja kila zamu, jina lake limeandikwa ubaoni, anayesimamia hatua hizi.

Ukikosa vingi katika hivi, anza na kiti. Mzazi aliyesimama ataondoka baada ya muda mfupi, aliyeketi atabaki.

## Hatua ya 1: Mwondoe mzazi kwenye orodha ya wageni

Familia itaje watu wawili ambao ndio wangalizi wa mtoto. Majina yao yaingie kwenye jalada, na wawili hao wasiulizwe tena ruhusa ya kuingia, iwe usiku, wakati wa raundi ya madaktari, wakati wa kukabidhiana zamu au wakati wa kutoboa mshipa.

Sababu za kumwomba mzazi atoke ziandikwe na ziwe chache: picha ya eksirei inapopigwa, au kitanda cha jirani kina jambo la faragha na pazia halitoshi. "Tuna kazi" haimo humo. Na sheria moja isivunjwe: muuguzi aliyemtoa mzazi ndiye anayekwenda kumrudisha, tena amwambie mapema itachukua dakika ngapi. Wazazi wengi wanaokaa korido kwa saa nzima walitolewa kwa jambo la dakika tano, kisha wakasahaulika.

Hofu inayotajwa kila mara ni maambukizi. Jibu lake ni mikono: sekunde 20 hadi 30 kwa kitakasa, 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, kila anapoingia na kabla ya kumgusa mtoto. Mfundishe mzazi kama unavyomfundisha muuguzi mgeni, umtazame akifanya. Mwenye homa, kikohozi au kuhara ampishe yule wa pili hadi apone.

Tahadhari: haki ya kukaa isigeuzwe wajibu wa kukaa. Mzazi ambaye hajalala siku mbili anahitaji kuambiwa waziwazi kwamba anaweza kwenda kupumzika, na kwamba atapigiwa simu jambo lolote likitokea.

Umefaulu pale mzazi anapoingia, ananawa na kuketi bila kumtafuta mtu kwa macho.

## Hatua ya 2: Dakika kumi za mwanzo

Mzazi asimkute mtoto kitandani bila kuandaliwa. Mwambie kwanza atakachoona: uso umevimba, mrija umepita mdomoni, mikono ina mabandeji, mashine zinalia. Mwambie pia kwamba mtoto hatasikika akilia, kwa sababu mrija wa hewa unapita katikati ya nyuzi za sauti. Bila maelezo hayo, wazazi hudhani mtoto amekuwa bubu.

Kisha mpeleke kitandani na umwoneshe mahali pa kugusa. Usiseme tu "unaweza kumgusa". Wengi wanaogopa kuchomoa kitu. Shika mkono wake: kiganja kimoja utosini, kingine kikumbatie nyayo, mikono itulie. Kwa kichanga njiti mguso uliotulia ni bora kuliko kupapasapapasa, maana ngozi na neva zake bado changa na kusuguliwa kunamchosha.

Mweleze kengele za mashine: ipi ni ya kibandiko kilicholegea, ipi ni ya dripu kuisha, ipi itawafanya muuguzi na daktari waje mbio. Mwambie amtazame mtoto, monita ataiangalia muuguzi.

Karatasi ya "Mimi ni nani" ijazwe siku hiyohiyo na kubandikwa juu ya kitanda. Iwe na jina analoitwa nyumbani, lugha anayoielewa, anavyolazwa, kinachomtuliza, kinachomtisha, na kama anavaa miwani au kifaa cha kusikia. Hilo la mwisho lisipuuzwe: mtoto aliyevuliwa miwani yake kwa wiki nzima huonekana amechanganyikiwa kumbe haoni.

## Hatua ya 3: Maumivu kwanza, usingizi baadaye

Kosa kubwa hapa ni kuongeza dawa ya usingizi kwa mtoto mwenye maumivu. Mtoto ananyamaza, maumivu yanabaki.

Pima. FLACC inaangalia uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio na anavyobembelezeka. Kila kimoja kina alama 0 hadi 2, jumla 10. Pima angalau kila saa nne, na kabla na baada ya jambo lolote linalouma. Alama 4 kwenda juu zinadai hatua, halafu upime tena kuona kama hatua hiyo imesaidia. Kupima bila kurudia ni kujaza karatasi tu.

Kwa aliye kwenye mashine ya kupumulia tumia COMFORT-B. Mtazame kwa dakika 2 kamili; vipengele ni sita, kila kimoja alama 1 hadi 5, na mahali pa kilio unapima anavyopatana na mashine. Chini ya 11 huenda dawa imezidi. Juu ya 22 hajatulia, tafuta sababu. Katikati hapo jicho la muuguzi ndilo linaloamua.

Onyo: mtoto aliyepewa dawa ya kulegeza misuli hapimiki kwa fomu yoyote kati ya hizi, kwa kuwa hawezi hata kukunja uso. Angalia mapigo ya moyo, shinikizo la damu, machozi na mboni. Dawa hiyo isitolewe kamwe bila dawa ya usingizi na ya maumivu.

Kabla ya sindano. Krimu ya ganzi inahitaji kama dakika 60 kabla. Ikipakwa dakika 10 kabla haina kazi, na ndiyo maana wengi hudai haifanyi kitu. Kichanga apewe matone ya sukari ulimini dakika 2 kabla, au anyonye titi ikiwa anaruhusiwa. Asiyeruhusiwa kupewa chochote mdomoni, muulize daktari kwanza. Mtoto mkubwa kidogo akae mapajani, kifua kwa kifua na mzazi, mkono wa kutobolewa ukiwa umenyooshwa pembeni. Kumlaza chali na kumkandamiza watu watatu kunaongeza hofu na kufanya mshipa uwe mgumu kupata. Kazi ya mzazi hapo ni kufariji. Asitumiwe kumshika mtoto kwa nguvu.

Kuchanganyikiwa akili. CAPD ina maswali manane, hujazwa mara moja kila zamu, na alama 9 au zaidi ni ishara ya deliriamu, yaani kuchanganyikiwa huko. Usisubiri mtoto arushe mikono na kung'oa mirija. Aina inayopita bila kuonekana ni ya kimya: mtoto ametulia, macho wazi, lakini anakutazama kama anatazama ukuta. Swali moja kwa mama husaidia sana: "Huyu ndiye mwanao unayemjua?" Akijibu hapana, mwamini, anza kutafuta: maumivu, maambukizi, oksijeni kushuka, kukosa usingizi, dawa za usingizi za jamii ya midazolamu.

Kupunguza dawa. Aliyetumia mofini (dawa ya maumivu) au midazolamu kwa siku tano au zaidi asikatishiwe ghafla. Punguza kidogokidogo ukipima WAT-1, ambayo jumla yake ni 12. Kuanzia alama 3, mshuku kwamba mwili unaidai dawa: jasho, kupiga miayo, kutetemeka, kuhara. Dalili hizi mara nyingi huchukuliwa kuwa ni ukaidi wa mtoto.

## Hatua ya 4: Usiku uwe usiku

Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya wodini usiku iwe wastani wa desibeli 30, na milio ya ghafla isipite 40. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama 60. Kwa hiyo kabla ya kulaumu mashine, pima meza ya wauguzi.

1. Rekodi sauti kwa saa 24 na uandike kilichosababisha kila mlio mkubwa. Vifuniko vya mapipa, milango na simu havikosekani.
2. Weka mipaka ya kengele kulingana na mtoto husika. Mashine iliyoachwa na mipaka ya kiwandani hulia bure usiku kucha, na mwisho wahudumu huacha kuisikia. Kuzima kengele si suluhisho na ni hatari.
3. Badilisha vibandiko vya kifuani kila siku. Vikikauka, monita hutoa kengele za uongo.
4. Punguza taa saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, tumia taa ndogo ya kitandani. Mchana fungua mapazia kabisa, maana mwili unahitaji kuona tofauti.
5. Unganisha kazi: joto, kugeuzwa, kubadilishwa nepi na dawa vifanyike mara moja, kisha mtoto aachwe saa mbili bila kuguswa. Kwa kichanga dhaifu usirundike vitu vingi mno. Akianza kubadilika rangi au mapigo yakiyumba, mpe pumziko.
6. Kuogesha, na eksirei ya kawaida, viondolewe alfajiri. Mara nyingi vimewekwa saa hizo kwa ajili ya urahisi wa raundi, na mtoto ndiye anayelipia.

Kwenye inkubeta, kisanduku cha joto cha kichanga, funga vidirisha taratibu kwa mkono na usiweke chupa wala faili juu yake. Kugonga kidogo nje ni kishindo kikubwa ndani.

## Hatua ya 5: Kutoka kitandani hadi mapajani

Hii ndiyo hatua inayoogopwa kuliko zote, na ndiyo inayombadilisha mzazi kutoka mtazamaji. Mtoto aliye kwenye mashine ya kupumulia anaweza kupakatwa. Kila asubuhi kwenye raundi liulizwe swali hili kwa kila kitanda: *kinachomzuia huyu kupakatwa leo ni nini?* Majibu yanayokubalika ni kama vile damu inayovuja, kifua kilicho wazi, uti wa mgongo usio imara, shinikizo la ubongo linalopandapanda, au dawa ya kupandisha shinikizo la damu inayoongezwa saa hadi saa. "Hatujazoea" halikubaliki.

Wahudumu watatu: wa kichwa na mrija wa hewa, wa mwili, wa dripu na mirija mingine. Tenga dakika 15 za maandalizi.

1. Mzazi aende chooni, anywe maji, avue mkufu na saa. Atakaa si chini ya saa moja.
2. Pima maumivu, dawa ikihitajika itolewe mapema ili iwe imeshaanza kazi.
3. Kiti kiwekwe upande wa mashine ya kupumulia, magurudumu yafungwe.
4. Fyonza makohozi, ngoja oksijeni irudi ilipokuwa. Simamisha kwa muda maziwa ya mrija wa tumboni.
5. Soma kwa sauti namba ya sentimita ya mrija wa hewa ilipo kwenye mdomo, iandike. Kagua plasta: ikiwa imelowa mate, ibadilishe sasa.
6. Mwaga maji yaliyojikusanya kwenye mipira ya mashine. Usipoyamwaga, ukiinua mpira yanateremka mapafuni.
7. Kusanya dripu zote upande mmoja, vuta urefu wa kutosha kufika kitini na ziada. Mfuko wa mkojo ubaki chini ya kibofu, chupa ya mrija wa kifuani ibaki chini ya kifua.
8. Ambu (mfuko wa kumpumulisha kwa mkono), kinyago, oksijeni na mashine ya kufyonza viwe umbali wa mkono. Kagua kwamba vinafanya kazi.
9. Wa kichwani ndiye anayehesabu: moja, mbili, tatu. Hakuna anayeanza kabla yake.
10. Mtoto akishatua, soma tena namba ya mdomoni, tazama kifua kikipanda pande zote mbili, sikiliza mapafu. Funga mpira wa mashine kwa plasta kwenye bega la mzazi, ukiacha ulegevu.

Mrija wa hewa ukichomoka, mara nyingi ni kwa sababu mbili: mtu mmoja alishika kichwa na mpira wa mashine kwa pamoja, au mpira ulinaswa kwenye reli ya kitanda na hakuna aliyepitisha macho. Pitisha mkono kwenye urefu wote wa kila mrija kabla ya kuhesabu.

Oksijeni ikishuka kidogo dakika za mwanzo, subiri huku ukimtazama. Ikizidi kushuka au mapigo yakipungua, mrudishe bila kujadiliana. Saa moja si anasa: kuhamishwa kwenyewe kunachosha, na dakika kumi za mapajani humpa mtoto uchovu wa safari mbili bila pumziko lolote.

Ukiona mapigo yanatulia na ngumi ya mtoto inafunguka kidole kimoja kimoja, umefaulu.

Kwa njiti na wenye uzito mdogo, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilishauri huduma ya kangaruu, ngozi kwa ngozi, saa 8 hadi 24 kwa siku. Asiyeweza kabisa kuinuliwa, mzazi alaze kichwa pembeni yake, amsomee, ampake mafuta miguuni, amsafishe mdomo. Shughuli ndogo yenye maana humtoa mzazi kwenye kutazama namba.

## Hatua ya 6: Raundi iwe na mzazi ndani yake

Mwambie saa ya raundi, na mwanzo wake mpe dakika moja aseme yeye kwanza: ameona nini tangu jana, anaogopa nini. Baada ya madaktari kumaliza, mmoja afupishe kwa lugha ya kawaida mambo matatu: hali ilivyo, tutakachofanya leo, tunachongoja.

Kisha mwombe arudie: "Ukimpigia simu mwenzako sasa hivi, utamwambia nini?" Usiulize "umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo.

Habari nzito zisitolewe koridoni wala kwa kusimama. Chumba, viti, simu zimezimwa, na muuguzi anayemfahamu mzazi awepo. Lugha ikiwa kikwazo, tafuta mkalimani. Kaka wa miaka 12 asibebeshwe kutafsiri habari za mdogo wake.

## Hatua ya 7: Ndugu wa mtoto, na daftari

Ndugu anayebaki nyumbani hubuni picha mbaya kuliko hali yenyewe, na wadogo hujilaumu. Mwandae kwa mdoli wenye mirija au picha ya kitanda, mwambie hakusababisha ugonjwa huu, kisha aingie na mtu mzima ambaye kazi yake ni moja tu: kutoka naye atakapotaka. Dakika 10 zinatosha. Mwenye homa, kikohozi au vipele arudi siku nyingine, na asiyetaka asilazimishwe.

Daftari huandikwa na wauguzi na familia, sentensi mbili tatu kwa siku, kwa kumsemesha mtoto: "Leo umefungua macho baba alipoimba." Tarehe lazima. Majibu ya vipimo yasiandikwe humo. Picha zipigwe kwa ridhaa ya wazazi. Mtoto hutoka na siku zilizopotea au ndoto za kutisha anazodhani zilitokea kweli, na daftari ndilo litakalomsaidia kupanga kilichotokea.

## Hatua ya 8: Moyo unaposimama

Mzazi akitaka kuwepo wakati wa kumfufua mtoto, awepo. Mhudumu mmoja asiyeshika kazi nyingine asimame naye pembeni, mahali anapoona mkono au mguu wa mtoto, amweleze kinachofanyika, na atoke naye akitaka. Kama mhudumu huyo hakuteuliwa mwanzoni mwa zamu, hatapatikana wakati wa tukio.

Mtoto akifariki, tumia neno hilo: amefariki. Ukiwaambia ndugu zake kwamba amelala, wataogopa kulala.

Toa mirija ambayo taratibu zinaruhusu, mfunike vizuri, mweke mikononi mwa wazazi. Wapewe nafasi ya kumwosha, kuchukua alama ya nyayo au unywele, kumwita wamtakaye. Saa isitazamwe mbele yao. Na wahudumu waliokuwepo wakae dakika kumi pamoja kabla ya kurudi vitandani. Anayetoka hapo moja kwa moja kwenda kwa mtoto mwingine huenda akiwa mgumu kama jiwe, na familia inayofuata hupokelewa na ugumu huo.

## Hatua ya 9: Siku ya kuhamia wodi ya kawaida

Familia huogopa siku hii kwa sababu monita inaondoka. Siku moja kabla, punguza vipimo na uwaoneshe kwamba mtoto anapumua vizuri bila kelele za mashine. Waambie pia yanayoweza kuja baadaye: ndoto mbaya, kukojoa kitandani tena, hofu ya nguo nyeupe, mzazi mwenyewe kukosa usingizi. Kwenye kliniki ya marudio ulizia haya kwa majina yake, kwa mtoto na kwa mzazi.

## Karatasi ya kila siku

Maswali manne kwa kila kitanda, yajibiwe mwisho wa zamu kwa ndiyo au hapana:

- Je, mzazi alikuwepo wakati wa raundi?
- Je, mtoto alipakatwa, na kama la, sababu imeandikwa?
- Je, maumivu yalipimwa tena baada ya dawa?
- Je, alipata saa mbili mfululizo usiku bila kuguswa?

"Hapana" ikijirudia siku tatu mfululizo kwenye swali moja, swali hilo liende kikao cha wodi na litoke na jina la mtu wa kulishughulikia na tarehe. Anza na vitanda viwili kwa wiki mbili. Swali la pili ndilo litakalojaa "hapana" mwanzoni. Soma sababu zilizoandikwa, nyingi zitakuwa ni upungufu wa mtu wa tatu wa kushika mirija, na hilo linarekebishwa kwa kupanga saa ya kupakata iwe wakati zamu mbili zinapokutana.